Saa Iliyokaangwa

Mwezi uliopita tulimzika Mwinshehe kule Goweko, na tangu tumzike sina mtu wa kunitukana. Hapa Isevya watu wananiheshimu mno. Nikitoka asubuhi kwenda dukani naamkiwa shikamoo mpaka kinywa kinachoka kuitikia marahaba, na heshima ikizidi namna hiyo mtu anajikuta yuko peke yake, maana anayekuheshimu hakai. Anaamkia, anapita. Mwinshehe hakuniheshimu hata siku moja. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani tangu enzi za mababu waliobeba pembe kichwani kutoka huku kwetu mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga, na huko njiani wakilala kwa Wazaramo na kugombana nao juu ya maji na kuni mpaka ugomvi wenyewe ukageuka undugu. Kwa hiyo aliniita mtumwa wake, nami nikamwita mtumwa wangu, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake, isipokuwa siku moja. Siku hiyo mkosaji nilikuwa mimi. Nitaifikia.

Wengine wakisimulia mwaka uliowafanya wawe watu, wanataja ujana. Ujana wangu mimi niliumalizia kwenye tumbaku, na tumbaku haimfundishi mtu kitu, inamkausha tu. Mwaka wangu ulinikuta tayari nina mvi, na si zamani, ni miaka michache tu iliyopita. Ulianza mwezi wa kumi, mvua hazijaanguka, alipofariki mke wangu Kalunde, ukaisha mwezi wa kumi uliofuata. Kabla ya hapo nilikuwa mtu mwenye mke, na mtu mwenye mke hajui sauti ya nyumba yake ikoje nyumba ikiwa haina mtu. Mimi niliijua mwaka ule.

Alifia hapa mjini lakini tulimzika Goweko, kwao, kwenye makaburi ya Wamoraviani ng'ambo ya reli. Sisi wenyewe tuliishi huko tukilima, kisha tukahamia mjini, na watu wengi waliokuja kuishi huko baada yetu sikuwafahamu. Basi tumefika kaburini, jeneza liko chini, wanawake wanalia, akatoka mzee mmoja mwembamba mwenye kanzu na kofia, akachukua jembe, akaketi juu ya kifusi cha udongo. Akasema, "Huyu mama haingii humo. Mume wake alimlisha matobolwa maisha yake yote, viazi vikavu kama vipande vya mbao, na leo anataka kumlaza njaa. Nileteeni kuku kwanza." Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwatoa watu kwenye kilio wapumue kidogo. Nami kazi yangu ilikuwa kumjibu, au kumpa chochote, hata kitambaa cha mfukoni, ainuke tuendelee. Najua hayo tangu mtoto. Lakini siku ile niliona mtu amekalia udongo wa mke wangu. Nikamwendea, nikamnyang'anya jembe mkononi, nikasema, "Toka hapo, mzee. Sina mchezo na wewe." Kicheko cha wanawake kikakatika. Akainuka, akakung'uta kanzu, akaondoka bila kugeuka. Binti yangu Nyamizi akaninong'oneza, "Baba, yule ni mtani." Nikamwambia najua. Baadaye nilisikia wazee wanamtaja jina, Mwinshehe, wakipanga nani aende akamwombe radhi kwa niaba yangu. Mimi sikwenda. Na kaburini kwa mke wangu sikurudi tena, si wiki ile wala mwezi ule. Nilijiambia ni mbali. Si mbali.

Nyamizi alikaa nami mpaka arobaini, kisha akarudi Dar kwenye kazi yake. Nikabaki na vyumba viwili na sebule. Nilikuwa napika ugali wa watu wawili kwa sababu mkono haujui kipimo kingine, nusu nakula na mlenda, nusu nawapa kuku. Jioni nilisikia redio ya jirani kupitia ukutani, na huyo jirani na mkewe wakibishana kama mboga imezidi chumvi. Nilikuwa nakaa upande ule wa ukuta nisikilize. Mwisho wa ubishi wao nilikuwa naujua, mume anasema haya yaishe, mke anasema hayaishi, kisha wanacheka. Wakicheka mimi naingia ndani kulala, jua bado halijazama vizuri.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa natafuta kifungo cha shati, nikalifungua kopo la maziwa ya unga ambamo Kalunde alitia vifungo vyake. Chini ya vifungo nikaikuta saa yake. Saa ndogo ya kike, ya kujaza kwa kuzungusha kifundo, niliyomnunulia mwaka mmoja tumbaku ilipotuendea vizuri. Aliivaa kanisani, akaivaa na kwenye banda la kuchambulia majani, na alikuwa na tabia ya kunitajia saa bila mimi kuuliza. "Baba Nyamizi, saa nane hiyo." Mimi niko juu ya paa naezeka, saa nane inanihusu nini. Baadaye Nyamizi akamletea ya betri yenye kung'aa, na hii ikaingia kwenye kopo. Nikaijaza kwa vidole viwili taratibu, na ikatembea. Nikaiweka mezani, nikakaa. Nyumba ikawa na kitu kinachofanya kazi kisicho mimi. Kesho yake adhuhuri ikasimama.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kalunde alikuwa na cherehani, na cherehani ikiwa nzito alikuwa anachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta anapitisha ndani, inalainika. Nikaona mashine ni mashine. Nikafungua mfuniko wa nyuma kwa kisu, nikachovya unyoya, nikaipaka saa mafuta ya cherehani mpaka ikang'aa kama uso wa bibi harusi. Haikutembea tena hata dakika moja.

Nikaanza kutafuta nyingine mnadani, kwenye marundo ya mitumba ya mikanda na miwani. Wauzaji walidhani ni mbovu kwa sababu hazina betri. Mimi naijaza, naisogeza sikioni, ikisema nanunua. Mwezi wa kwanza ulipoisha nilikuwa nazo tano mezani, na hakuna mbili zilizokubaliana. Kila asubuhi baada ya chai nazijaza kwa zamu, naanzia kushoto. Nilijifunza kwamba nyingine inapenda kulazwa kifudifudi na nyingine ukiilaza hivyo inachelewa. Siku moja nilimsikia mke wa jirani kupitia ukuta ule ule, "Mzee Shija siku hizi anaongea na saa." Mumewe akasema, "Muache, angalau anaongea." Sikuchukia. Ilikuwa kweli. Lakini tano zote zilikuwa za kujiliwaza. Niliyoitaka itembee ni ile moja iliyolala kwenye kopo na mafuta yake, na niliitaka kabla mwaka wa Kalunde haujatimia, siku ya kumaliza msiba, niwe nayo mkononi ikisema. Sikuwa na kitu kingine nilichokitaka duniani, na mtu akiwa na kitu kimoja tu anachokitaka, hicho kitu kinakuwa kikubwa kuliko kilivyo.

Zamani mafundi saa walijipanga pale karibu na soko, kila mmoja na kisanduku chake cha kioo. Sasa visanduku vipo lakini ndani mna chaja na vioo vya simu. Kijana mmoja aliipokea saa, akaigeuza, akatafuta betri inapoingia. "Mzee wangu, hii ya kizamani. Nautoa huu utumbo, natia mashine ya betri, kesho unaondoka nayo inatembea."

"Na huo utumbo?"

"Utumbo wa nini tena, babu?"

Nikaichukua saa yangu. Lakini nisiseme uongo, siku ya tatu nilirudi kwa yule kijana nikiwa nimekubali moyoni autoe. Nilikuta amefunga kisanduku, amekwenda swala ya Ijumaa. Nikasimama kumsubiri, na kule kusimama kukanirudishia akili. Kalunde alikuwa anaijaza saa hii kila asubuhi kabla hajaongea na mtu. Kilichojazwa na vidole vyake ndicho hicho hicho kijana anachokiita utumbo. Aliporudi nikamuuliza tu kama anamjua fundi mwingine. Akasema kulikuwa na mzee mmoja kule Nzega, karibu na stendi.

Nikapanda basi kwenda Nzega. Duka nililikuta, na ndani alikuwa mama mmoja wa makamo anapima dhahabu ya wachimbaji wadogo kwenye mizani ndogo, anaokota chembe kwa koleo nyembamba kama miguu ya nzige. Nikamwambia namtafuta fundi saa. "Fundi alikuwa baba yangu," akasema. "Ameshafariki. Koleo zake ndizo hizi." Alinikalisha, akanipa chai na maandazi, akaitazama saa kwa heshima, kama mtu anayetazama picha ya ukoo wa wenzake. Akaniambia baba yake alifundishwa kazi na Mzaramo mmoja aliyekuja na reli akiwa kijana, akitengeneza saa za ukutani za stesheni. "Kama yu hai, yuko Goweko. Anaitwa Mwinshehe. Utamjua kwa matusi." Chai yangu ilipoa mkononi. Yule mama akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, ila huyo mzee nimewahi kumnyang'anya jembe.

Nilikaa wiki tatu nzima bila kwenda. Nilikuwa namwogopa Mwinshehe, na nyuma ya Mwinshehe nilikuwa naogopa kitu kingine kilicho ng'ambo ya reli. Mwezi wa tatu, Jumatano, siku ya gulio, nikapanda gari, nikashuka Goweko, nikauliza. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja linalotazama reli, na chini ya dirisha meza yenye kitambaa cheupe, vizibo vya soda vimejaa viskurubu, na glasi zimepinduliwa juu ya saa zilizofunguliwa zisiingie vumbi. Palinuka petroli na samaki wa kukaanga, migebuka.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi Shija. Mume wa marehemu Kalunde."

"Simjui mtu huyo. Namjua mtumwa mmoja aliyenipokonya jembe."

"Ndiye mimi."

"Basi ingia, mtumwa. Futa miguu, hapa si kwenu."

Nikaingia. Nikasema shikamoo, maana alinizidi umri. Akasema, "Shikamoo ya nini, umekuja kunizika na mimi? Leta hicho ulichokishika kama yai." Akavaa kioo chake cha jicho, akafungua mfuniko, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Umetia nini?"

"Mafuta ya cherehani."

"Kwa kutumia nini?"

"Unyoya wa kuku."

Akakitoa kioo jichoni, akaniangalia kwa macho mawili. "Nimeletewa saa iliyotumbukia kisimani. Nimeletewa iliyokanyagwa na ng'ombe. Lakini iliyokaangwa, na kuku wake juu, ndiyo leo. Ungetia na kitunguu basi." Nikacheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi, kilikuwa kimekaa ndani tangu mwezi wa kumi. Yeye hakucheka. Akasema, "Ndiyo maana vichwa vyenu vimekuwa bapa. Mizigo ile ya mababu zenu ilikandamiza ubongo." Nikamwambia, "Na nyie mliokaa kivulini mkatuuzia maji ya mto ambao hamkuuchimba." Akatikisa kichwa, akaridhika, kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa umekwama ukasogea kidogo.

Nikamuuliza, "Itapona?"

"Itapona. Lakini hutaipata."

"Kwa nini?"

"Siku ile uliniondoa juu ya udongo mikono mitupu. Mtani akinyimwa, anachukua mwenyewe. Nimeichukua hii."

Nikamwambia mwaka wa mke wangu unatimia mwezi wa kumi, na naitaka siku hiyo, kama ni radhi naiomba sasa hivi. Alikata kipande cha boksi la viatu, akaandika kwa kalamu, akanipa. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini niliweza kusoma: Saa ya kike moja. Imekaangwa. 11/3. "Njoo Jumatano tuone," akasema. Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Umepita kule?" Akaelekeza kidevu ng'ambo ya reli. Nikamwambia nimepita. Akaitazama suruali yangu toka gotini mpaka chini, akainamia meza yake.

Jumatano nilikwenda. Akasema springi imechoka, ameagiza Dar. Jumatano nyingine nilikwenda, springi bado. Nyingine akasema saa inalala, na saa inayolala haiamshwi kwa haraka. Kila nikija ananipa kiti cha mguu mmoja mbovu, ananitukana, tunakula alichopika, nami namletea uyoga kama mvua zimeutoa, au asali. Alikuwa anaishi peke yake. Mke alirudi pwani zamani na hakuja tena, na aliniambia hilo siku moja katikati ya kulaumu chumvi. Alipenda kunionyesha kazi. Nilimletea saa yangu moja ya mnadani, akaifungua, akanipa kioo nitazame ndani ya mfuniko. Mlikuwa na mikwaruzo midogo, herufi na tarakimu, ya watu watatu mbalimbali. "Fundi akimaliza kazi anaacha alama yake na siku aliyomaliza," akasema. "Si kwa ajili ya mwenye saa. Ni kwa fundi atakayefuata. Nikiona hii najua mwenzangu alishapita humu." Akaniambia ya Kalunde nisije nikaifungua tena mpaka isimame yenyewe, nimeshafanya upishi wa kutosha.

Na kila ninapoondoka, "Umepita kule?" Nami, "Nimepita." Naye anaitazama suruali. Sikuelewa anatafuta nini. Mwezi wa nne mwishoni, alipoitazama tena, akasema bila utani, "Shija. Njia ya makaburini imefunikwa na majani. Mtu akipita anarudi na vishonanguo mpaka kiunoni. Wewe unarudi msafi kama umetoka kwa dobi." Treni ya mizigo ilipita dirishani, na zile glasi zote mezani zikatetemeka. Ilipomalizika kupita nikatoka, nikavuka reli.

Sitasema mengi ya huko. Nyasi zilikuwa juu ya kaburi kama juu ya shamba lililoachwa. Niling'oa kwa mikono. Nilimwambia Kalunde kuwa nimepika ugali mwingi, kuku wamenenepa. Nilimwambia saa nane hiyo, ingawa sikuwa na saa. Niliporudi kwa Mwinshehe suruali yangu ilikuwa nyeusi kwa vishonanguo, na alipoiona hakutukana. Alivuta kiti chake mbele yangu, akavaa kioo jichoni, akachukua koleo zake za kazi, akaanza kuvichomoa kimoja kimoja, anaviweka kwenye kizibo cha soda. Tulikaa hivyo mpaka gari langu likapiga honi. Wakati ule nilisikia kitu kinatembea chini ya glasi moja iliyofunikwa kitambaa, sauti ndogo, ya haraka haraka. Nikauliza ni saa ya nani hiyo. Akasema, "Ya mwenyewe."

Tangu hapo kila Jumatano nilipita kule kwanza. Kiangazi kilipoingia vishonanguo vilikauka vikaanguka, akaanza kunitazama viatu kwa vumbi. Saa bado. Mwezi wa sita alisema gurudumu. Mwezi wa nane alisema kile kispringi chembamba kama unywele kimepinda. Mwezi wa tisa uvumilivu uliniisha, nikamwambia wewe hujui kazi, umezeeka, nirudishie nimpelekee kijana wa sokoni atie betri. Akasema, "Mpelekee." Akalala kitandani, akageukia ukutani. Nilikaa kwenye kile kiti kibovu. Nikaona viatu vyake chini ya kitanda, kisigino kimeliwa upande mmoja, vimepangwa kwa mstari kama vya mtoto wa shule. Nikachemsha maji, nikamtengenezea chai. Nikamwambia, "Amka unywe, mtumwa wangu." Akaamka, akanywa.

Siku ya kumaliza msiba watu walijaa nyumbani kwa wakwe zangu Goweko. Mzee wa kanisa alisali, wali ukapakuliwa, na mlangoni mwa jiko akatokea Mwinshehe na kanzu yake ile ile, akaketi kizingitini, akanyoosha miguu. "Hapa hali mtu." Watu wakanitazama mimi. Nyamizi, aliyekuja kutoka Dar, alishika mdomo. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachukua jembe, nikamshika na kuku mmoja mweupe, nikaja nikapiga magoti, nikampa jembe kwa mikono miwili. Kisha nikachomoa unyoya mmoja wa kuku nikampa na huo. Nikamwambia, "Na huu wa kutilia mafuta." Basi watu walicheka, na wakwe zangu waliocheka zaidi ni wale waliokuwa hawasemi nami tangu siku ya mazishi. Mwinshehe aliupokea unyoya, akautazama kama anautafuta ubovu wake, akauchomeka kwenye kofia. Akatia mkono mfukoni, akatoa saa ya Kalunde. Hakunipa mkononi. Aliisogeza kwanza sikioni mwangu.

Tangu hapo niliendelea kwenda Jumatano, na saa za mnadani, na bila saa. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na jirani yake. Niliwahi. Mazishi ya Kiislamu hayangoji, lakini makaburini, kabla hawajamteremsha, nilikwenda nikaketi juu ya kifusi cha udongo. Kulikuwa na mpwa wake mmoja kutoka pwani, wengine majirani. Nilikuwa Mnyamwezi peke yangu niliyeujua wajibu wangu pale. Nikasema, "Huyu mtumwa wangu haingii humo. Ana saa zangu mbili mezani hazijapona. Na mnamlaza bila kioo chake cha jicho, mnataka huko aende akakaange saa za watu?" Wakacheka, wengine wakiwa wanalia. Yule mpwa akaelewa, akatia mkono mfukoni, akatoa kioo alichokichukua mezani kwa mjomba wake, akanipa. Nikainuka, nikakung'uta suruali, nikawapisha.

Nilikaa siku tatu matangani. Niliporudi Isevya saa ya Kalunde ilikuwa imesimama juu ya meza. Nikasema basi, na fundi ndiye tumemzika. Nikachukua kisu, nikafungua mfuniko wa nyuma, nikavaa kile kioo, macho yangu yenyewe mabovu, nikainamia dirishani. Ndani ya mfuniko mlikuwa na mkwaruzo mmoja mpya, safi, herufi ya M na tarakimu: 14/3. Nikalifungua kopo la vifungo, nikatoa kile kipande cha boksi la viatu nikakiweka kando yake. Imekaangwa. 11/3. Kazi yenyewe ilimchukua siku tatu tu. Nilikumbuka springi ya Dar, na gurudumu, na unywele uliopinda, na ile glasi iliyofunikwa kitambaa. Kisha nikafunga mfuniko, nikaijaza saa, na ikatembea. Haikuwa na ubovu wowote. Siku zile tatu hakukuwa na mtu wa kuijaza.

Jumatano nilipanda gari kwenda Goweko. Sikuwa na saa ya kutengenezwa. Nilipita kwa Kalunde, kisha nikapita upande wa Waislamu ambako njia ni mbaya zaidi na mvua za mwaka huu zimeinua majani. Jioni nilirudi nyumbani, nikaketi kizingitini, nikaanza kuvichomoa vishonanguo kwenye suruali yangu, kimoja kimoja, kwa vidole.